Mechi Ambayo Matokeo Yake Tuliyajua

Kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, wengine kwa simu, wengine mlangoni mwa kanisa, mmoja hata akiwa na kijiko mdomoni: Simiyu, siku ile tulipokungoja tangu saa kumi, ulikuwa wapi? Baadhi yenu niliwajibu "theluji", wengine "basi". Yote mawili ni kweli na hayatoshi. Nimeshaandika maelezo haya mara tatu na kuyachana mara tatu, kila mara kwa sababu ya sentensi ya kwanza. Safari hii naiacha ilivyo, hata kama imepinda.

Kwa wale ambao hamkuwapo: mwaka ule timu yetu ya taifa ilikwenda Tunisia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Ikafungwa na Mali, ikafungwa na Senegal, na kabla ya mechi ya tatu ilikuwa imeshatolewa. Halafu, ikiwa imeshatolewa, ikaipiga Burkina Faso matatu bila. Ulikuwa ushindi wetu wa kwanza katika fainali za kombe hilo. Sisi huku Maryland tulikuwa kazini, tunaogesha wazee wa watu na kusukuma vitanda. Ushindi ulitufikia kwa simu, kama habari ya mtoto aliyezaliwa mbali. Kwa wiki nzima tuliambiana kwenye ngazi na vituo vya basi, "Tatu bila!" na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameona bao moja.

Mimi nilikuwa nayaona usingizini. Kila usiku bao lilikuwa jingine. Mara mpira ulipita katikati ya theluji, mara mfungaji alikuwa babu ninayemtunza, akikimbia bila mkongojo.

Lazima pia niseme jambo ambalo wenzangu wa hapa mnalijua na watu wa kwetu hawakulijua. Nilikuja Amerika kusoma uhandisi. Nilisoma muhula mmoja na nusu, nikaanguka mtihani mmoja tu, na kwa kuwa sikuweza kuvumilia karatasi yenye alama ile, sikurudi tena darasani. Kompyuta ninazowatengenezea nilijifunza mwenyewe kwa vitabu vya maktaba. Nyumbani, karibu na kiwanda cha sukari alikokuwa karani, baba yangu alikuwa bado anawaambia watu kwamba mwanawe yuko chuo kikuu. Miaka minne nilimwacha aseme hivyo.

Takoma Park, Ijumaa

Nilikuwa nimemwomba kaka yangu Wekesa aturekodie mechi. Dada Wanjiru, muuguzi wetu, alikuwa likizo nyumbani, akapita kwetu, akarudi na kanda ya video imefungwa kwa gazeti na kamba ya mkonge.

"Ndiyo hii," aliniambia. "Mama yako alinilazimisha kula mara mbili. Na nimeshatangazia watu. Kesho saa kumi, chumba cha chini cha kanisa. Umeitest?"

"Nitaitest."

"Wacha stress. Si ni kanda tu?"

Nilipoitia kwenye deki yangu, picha ilikuja nyeusi na nyeupe, ikipanda juu bila kukoma kama maji yanayorudi mlimani. Sauti zilikuwa nyembamba na za haraka, sauti za ndege. Zilipiga kelele zote kwa pamoja, zikanyamaza, zikapiga tena. Nilidhani ni uwanja mzima wa Tunisia. Nilikaa sakafuni nikisikiliza ndege wale mpaka nikasahau kula.

Baadaye nikakumbuka nilichosoma maktaba: televisheni za kwetu na za huku hazisemi lugha moja, na kanda ya kule inataka deki inayojua zote mbili. Mimi ndiye fundi wenu, na sikulikumbuka hilo kabla ya watu arobaini kualikwa. Nilipiga simu kumi na moja. Ya mwisho ikanipa jina: Papa Deo wa Beltsville, Mkongomani, ana deki ya namna hiyo. Mkewe akapokea, nikamwambia nina kanda kutoka nyumbani, nahitaji kuitazama. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Kuja kesho, mwana yangu. Kuja asubuhi."

Nilishangaa upole wake.

Takoma Park hadi Beltsville

Niliondoka saa mbili asubuhi, kanda kifuani ndani ya koti, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba baridi inaharibu kanda. Theluji ya wiki mbili ilikuwa imegeuka rangi ya jivu kando ya barabara. Kwenye treni ya Metro nilikuwa peke yangu na mwanamke mmoja aliyelala na kadi ya kazi shingoni. Baada ya treni nikapanda basi, na basi, kwa kuwa nilikuwa nahesabu vituo badala ya kuuliza, likanipitisha kituo changu.

Nilishuka mahali pasipo na nyumba. Pande zote mbili kulikuwa na mashamba ya serikali, yale wanamofanyia utafiti wa mbegu na mifugo, meupe mpaka upeo wa macho. Ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye theluji bila kusogea, mvuke ukiwatoka puani. Mmoja alinitazama kwa muda mrefu. Alikuwa na baka jeupe usoni kama ng'ombe wetu tuliyemuuza nilipokuja huku. Sijui nilisimama pale dakika ngapi. Nakumbuka tu nilimwambia kwa sauti, "Tatu bila." Akageuza kichwa.

Nikarudi kwa miguu karibu saa nzima.

Beltsville, kwa Papa Deo

Mlango ulifunguliwa kabla sijabisha. Papa Deo alikuwa mtu mfupi mwenye shati jeupe lililofungwa mpaka shingoni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia.

"Pole sana, mwana yangu. Pole sana. Ingia."

Nilidhani ananipa pole ya baridi. "Asante, Papa. Si sana."

"Usijikaze. Hapa ni kwako." Akamgeukia mkewe. "Funga radio."

Radio ikazimwa. Mezani palikuwa na ugali mweupe wanaouita fufu, sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa na mawese, na samaki wakavu wadogo. Nilijaribu kueleza kwamba watu wananisubiri Takoma saa kumi, ningependa tu kuona deki. Papa Deo alitikisa kichwa.

"Kula kwanza. Watu wanafikaka hapa na tumbo tupu, wanaangalia, wanaanguka. Kula."

Nikala. Nilikula nikiwa na wasiwasi, lakini ile sombe ilikuwa laini kiasi kwamba wasiwasi ulikaa kando ukangoja. Mkewe alinitazama kwa macho ya huruma kila nilipomeza. Nilipomaliza, wote wawili wakasimama, nami nikasimama, na Papa Deo akaomba. Aliomba kwa muda mrefu. Aliomba kwa ajili ya safari ya roho, kwa ajili ya wanaobaki, kwa ajili ya kijana huyu ambaye hakuweza kufika kwao kutupa udongo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu aliye huku bila karatasi za kumruhusu kwenda na kurudi hawezi kwenda kuwazika wazazi wake. Anapelekewa kanda ya mazishi. Na kanda ile haionekani kwenye deki za huku. Kwa hiyo kila aliyebisha mlango wa Papa Deo na kanda kutoka nyumbani, alibisha na msiba.

Ningepaswa kumkatiza. Mtu wa kawaida angekatiza. Mimi nilingoja amina, na baada ya amina nikangoja tena, nikitafuta sentensi isiyo na kosa. Haikuja.

"Papa," nilisema mwishowe, "ni mpira."

"Ni nini?"

"Kwenye kanda. Hakuna aliyekufa. Ni mechi. Kombe la Mataifa."

Papa Deo alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sufuria. Kisha kicheko kikamtoka Papa Deo, kikamwinamisha, ikabidi ashike kiti.

"Tumefunga radio juu ya mpira! Mama, umesikia? Nimeombea roho ya mpira!"

"Na samaki ya mwisho tumemupa," mkewe alisema, akijifuta macho kwa kanga.

"Basi mlishinda?" Papa Deo aliuliza.

"Tatu bila. Lakini tulikuwa tumeshatolewa."

"Sisi walitupiga zote tatu. Ya kwanza, bon. Ya pili, bon. Ile ya tatu, ya majirani, hapana kuitaja mu hii nyumba." Kisha akawa yule mtu wa mlangoni tena. "Lakini mashini haiko hapa. Iko Oxon Hill, kwa dada yangu, Mama Riziki. Mama yetu alikufa kwetu Uvira mwezi wa kumi na moja. Mimi nilimaliza kuangalia kanda. Yeye hajamaliza."

Nikasema pole, kwa mikono miwili, nikichelewa kwa saa nzima.

Laini ya kijani

Beltsville iko kaskazini ya jiji na Oxon Hill iko kusini, kwa hiyo ilinibidi nivuke Washington nzima kwa chini. Treni ilitembea juu ya ardhi kwa muda, ikapita migongo ya maghala na nyua zenye baiskeli zilizofunikwa na theluji, kisha ikazama. Ndani ya giza lile niliona uso wangu kwenye kioo na nyuma yake nyuso za wengine, kila mmoja akielea peke yake. Nikasinzia. Katika usingizi ule mfupi nilikuwa uwanjani, nimevaa jezi, na baba alikuwa refa.

Niliwahi kuwaambia kwamba baba alikuwa refa? Kila Jumamosi, ligi ya wilaya. Alipiga pasi kaptula yake nyeusi mpaka mkunjo ukakata kama wembe. Hakuwahi kuchelewa, na hakuwahi kubadilisha uamuzi. Nilipokuwa mdogo nilichukua kipenga chake nikakipuliza uani, akaniambia, "Ukipuliza, uwe umeona." Nadhani ugonjwa wangu wote umetoka kwenye maneno hayo. Sijawahi kupuliza chochote tangu siku ile bila kuogopa kwamba sikuona vizuri.

Nilizinduka kituo kimoja baada ya kile nilichotakiwa kushuka. Saa ilikuwa saba na nusu.

Oxon Hill

Mama Riziki aliishi ghorofa ya pili, kwenye majengo ya matofali juu ya kilima. Kutoka kwenye ngazi zake uliweza kuona kipande cha mto Potomac, kijivu, kimelala. Binti yake alifungua. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akaelewa kila neno, akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama yake anavaa, kisha akarudi kwenye vitabu vyake.

Mama Riziki alitoka na kitenge cha bluu na soksi nene za kiume. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na hakuwa amelala.

"Deo alishanipigia simu. Wewe ndiye ule wa mpira?"

"Ndiyo, Mama."

"Alicheka mpaka nikafikiri analia." Akanionyesha deki chini ya televisheni, kubwa, nyeusi, imewekewa kitambaa cha kufuma. "Utaikamata. Lakini kanda ya mama yangu iko ndani. Niliisimamisha pale wanafika kwa kaburi, nikazima. Ni wiki tatu. Sitaki kuitoa mbele ya kuimaliza. Na siwezi kuimaliza peke yangu."

Nikaitazama saa ya ukutani. Nawaambia ukweli: nilihesabu kwanza. Dakika za basi, dakika za treni, nyinyi mnaopanga viti. Kisha nikavua koti nikakaa.

Akaiwasha kanda. Mahali pa kaburi palikuwa mlimani, na ziwa Tanganyika lilionekana nyuma ya watu, jeupe kama karatasi. Mama Riziki hakulia. Alitaja majina. "Huyu ni Mapendo. Amekonda. Huyu simujui. Yule anashika kofia ni jirani, alikuwa adui ya mama, angalia analia zaidi ya wote." Nami nikawa naitikia, "Eeh, Mama. Eeh." Waliimba, wakafukia, wakapanda maua ya plastiki, na mtu aliyeshika kamera akasahau kuizima, tukaona miguu yake na nyasi kwa muda mrefu, nyasi zikienda, zikienda, mpaka ikakatika.

"Ni ile tu?" alisema.

"Ni hiyo tu, Mama."

"Nilifikiri ni ndefu." Akaitoa kanda, akaipuliza vumbi, akairudisha kwenye ganda lake. "Sasa weka yako. Tuone mpira."

Niliiweka. Rangi zikaja.

Kwanza yalitokea mawaridi. Kisha mioyo miwili ya dhahabu ikizunguka, na muziki wa kinanda wa polepole, na maandishi: KARIBUNI. Kisha ikatokea sebule yetu. Kwetu hatuna deki ya kurekodi. Wekesa alikuwa amemkodi mpiga video wa harusi aje airekodi televisheni.

Mapazia yalikuwa yamefungwa ili kioo kionekane. Televisheni ilikuwa pembeni, ndogo kama kiberiti, na ndani yake viumbe vidogo vikikimbia juu ya kijani. Mbele yake kulikuwa na migongo ya watu ishirini. Mpiga video alifanya kazi yake kama alivyoijua: alipitisha kamera polepole juu ya nyuso za wageni, akakaa kwenye vikombe vya chai, akamfuata Mama mpaka jikoni. Nilisogeza mbele. Ndege wangu wa Ijumaa walikuwa majirani zetu.

Nikaacha kusogeza mapumziko yalipofika. Sufuri kwa sufuri. Baba alisimama mbele ya televisheni, kipenga shingoni, koti la Jumapili, amezeeka kiasi ambacho hakuna aliyeniambia. Akaitazama kamera.

"Simiyu. Mwanangu. Mwanangu aliye chuo kikuu Amerika..."

Nikabonyeza kuzima.

"Mbona unakata?" Mama Riziki aliuliza.

Nikamweleza. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi kumwambia. Nikamwambia sitaionyesha. Nitasema kanda imeharibika. Si mpira, ni sebule, watu watacheka, na baba atasimama mbele ya watu arobaini wanaojua ninachofanya, aseme chuo kikuu, nami niwe nimekaa pale.

Alinisikiliza huku akifunga deki ndani ya kitenge kingine.

"Mama yangu hasemi kwa ile kanda," alisema. "Iko ndani ya sanduku, hasemi. Baba yako anasema, na wewe unamufunga kinywa na kidole." Akasimama. "Tuende. Na mimi nataka kuona goli."

Kurudi, na mtoto mgongoni

Deki ilikuwa nzito. Nilijaribu kuibeba mikononi, nikateleza kwenye ngazi ya tatu. Mama Riziki akaninyang'anya bila neno, akainama, akaitupa mgongoni, akaifunga kwa kitenge vile vile mtoto anavyofungwa, fundo kifuani. Ndivyo tulivyopanda basi. Ndivyo tulivyoingia kwenye treni.

Bibi mmoja Mmarekani mwenye kofia ya zambarau alisogea akatupisha kiti. Alichungulia kwenye kitenge, akaona umbo tu, akashusha sauti asimwamshe. Aliniuliza mtoto ana umri gani.

Ningeweza kusema ni deki. Nikasema miezi mitatu.

Akauliza jina. Nikasema Deo.

Alitabasamu, akavuta ncha ya kitenge akaifunika kona ya deki vizuri kwa sababu ya baridi. Mama Riziki, ambaye hakujua Kiingereza sana lakini hakuwa mjinga, alitazama dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko, na deki ikatikisika naye, na yule bibi akasema, ona, anaamka. Mnaona jinsi uongo unavyonitoka? Hauna hata faida. Unatoka tu, kisha inabidi niulee. Vituo sita vyote niliulea. Nilikuwa namtaja baba yangu kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama yeye naye hakuwa amekaa hivi miaka minne, akifunika kona.

Chini ya kanisa

Tulifika saa kumi na mbili na nusu. Wengi wenu mlikuwa bado mpo, na chapati zilikuwa zimeisha. Dada Wanjiru alikuja kunipokea na sura ya mtu aliyeimbisha watu nyimbo zote anazozijua.

"Simiyu! Watu wameomba, wamejitambulisha mara mbili, wametangaza harusi tatu. Ulienda kuichukua mechi Tunisia?"

"Karibu."

"Na huyu mtoto ni wa nani?"

Mama Riziki akafungua fundo, na kicheko chenu kikaja kabla sijasema lolote. Nilitaka kusimama na kueleza: picha si nzuri, ni ndogo, ilirekodiwa kwa njia fulani. Nilikuwa nimeandaa maneno hayo tangu kwenye treni. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Matokeo tunayajua, kijana! Tunataka mchezo wenyewe. Weka!"

Nikaweka. Mawaridi yakatokea, mioyo ya dhahabu, kinanda, na chumba kikalipuka. "Nani anaolewa?" Mkacheka, kisha pole pole, sijui kama mlijisikia, mkaacha kucheka. Sebule ile haikuwa yetu tena. Mmoja alisema, "Hizo vikombe tunazo." Mwingine, "Sikia jogoo." Mlikaa mkitazama migongo ya watu msiowajua wakitazama mpira, na mlipumua walipopumua.

Nilikuwa na rimoti mkononi. Mapumziko yalipofika kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Mama Riziki alikuwa pembeni yangu na hakunitazama kabisa. Baba akasimama, kipenga shingoni.

"Simiyu. Mwanangu. Mwanangu aliye chuo kikuu Amerika, ndivyo ninavyowaambia watu wa hapa."

Akasita. Kidole changu kikasita naye.

"Tazama vijana hawa. Wameshatolewa. Hata wakifunga kumi leo, kesho wanapanda ndege kurudi. Lakini nimewatazama miguu. Wanacheza vizuri kuliko walipokuwa na tumaini. Sasa, kuna mtu atawafungia mlango kwa sababu wametolewa? Wacha warudi. Sisi tutaenda kuwapokea."

"Baba, mechi inaanza!" sauti ya Wekesa ilisikika.

"Ngoja. Refa bado yuko hapa." Akakipuliza kipenga, akakaa.

Hakuna mtu aliyenigeukia. Nawashukuru kwa hilo mpaka leo.

Nusu ya pili mnaijua. Bao la kwanza lilionekana kama punje ya mchele ikiingia kwenye mfuko. La pili hatukuliona, kwa sababu mpiga video alikuwa anafuata sinia ya kuku kama wanavyofanya harusini. Tulisikia mlio, kamera ikarudi mbio, ikakuta watu wamekumbatiana na paja la kuku liko sakafuni. La tatu lilizibwa na mgongo wa baba. Aliruka, yule mtu wa mikunjo, koti likapanda, na kioo chote kikawa koti lake la kahawia. Na nyinyi mkaruka. Mlishangilia koti. Mama Riziki wa Uvira, ambaye timu yake ilipigwa zote tatu, alinishika bega akapiga kigelegele kirefu sana, kile ambacho nadhani alikuwa nacho tangu mwezi wa kumi na moja na hakupata pa kukiweka.

Jumapili

Hili hamlijui. Asubuhi yake, kabla ya ibada, nilikwangua kadi ya simu nikapiga nyumbani. Kule ilikuwa jioni. Sikuandika kwanza cha kusema.

"Baba, tumeiona mechi."

"Ilionekana vizuri?"

"Hapana. Baba, mimi nilitoka chuoni. Zamani. Mwaka wa kwanza. Natunza wazee. Kompyuta najifundisha mwenyewe."

Simu za wakati ule zilikuwa na ule mwanya, neno lako likisafiri na la mwenzako likiwa bado halijaondoka. Nilisikia sauti yangu ikirudi, "mwenyewe", ndogo, kama ya mtu mwingine. Nikasikia kuku wa kwetu. Nikasikia baba akivuta kiti.

"Miaka minne hujaniletea karatasi ya matokeo hata moja," alisema. "Wewe, uliyekuwa unanikimbilia na kila alama barabarani? Refa hatazami mpira peke yake, Simiyu. Matokeo tulikuwa nayo siku nyingi."

Nami nikavuta kiti.

"Tulikuwa tunangoja mchezo wenyewe," alisema. "Mama yako huyu hapa, amekaa. Haya. Anza dakika ya kwanza, na usiruke."